Pima bodi kabla ya kuwasha: Dakika tano zinazookoa mashine na mtaji

MFUGAJI anapoweka mayai kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, anakuwa amefunga mtaji wake kwa siku 21. Katika siku hizo hawezi kuyauza mayai hayo, wala hana kifaranga mkononi. Anachotegemea ni joto la nyuzi 37.5 lisiloyumba, na joto hilo linaongozwa na bodi ya elektroniki inayoweza kuenea kwenye kiganja cha mkono.

Bodi hiyo ikifa siku ya 10 au ya 12, hasara haibishi hodi. Mayai huweza kuvumilia baridi kwa saa chache mashine ikiwa imefungwa, lakini hayawezi kungoja siku tatu mpaka kipuri kifike kutoka mjini. Kwa hiyo mfugaji huikimbiza mashine kwa fundi wa redio aliye karibu. Fundi anafungua, anakuta fyuzi imeungua, anaweka nyingine, kisha anachomeka waya ukutani ili "tuone kama itawaka."

Mara nyingi kinachofuata ni mlio mkali na harufu ya kuungua. Bodi iliyofika mezani ikiwa na kifaa kimoja kibovu inabaki na vitano, na matengenezo ambayo yangegharimu fedha kidogo yanageuka kuwa ununuzi wa bodi mpya.

Mafundi wazoefu wa elektroniki, wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli jijini Nairobi, hufuata kanuni moja: bodi iliyoungua, iliyolowa maji au iliyotoka kutengenezwa haiwashwi kabla ya kupimwa ukinzani wa njia zake za umeme. Kipimo hicho huchukua kama dakika tano, hufanywa umeme ukiwa umezimwa, na huhitaji mita ndogo ambayo bei yake ni sawa na ya kuku mmoja au wawili wa kienyeji.

Mkulima au mfanyabiashara asiyetaka kuwa fundi naye anafaidika akikielewa kipimo hiki, kwa sababu ndiye anayelipa gharama pale kinaporukwa.

Bodi zimejaa shambani na dukani

Kwa miaka mingi kifaa pekee cha elektroniki katika nyumba nyingi za vijijini kilikuwa redio. Hali imebadilika. Nchini Tanzania, Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 ili kusukuma umeme nje ya miji, na mahali ambapo nguzo hazijafika watu wamefunga sola.

Leo hii bodi zimo ndani ya mizani ya kidijitali ya mnunuzi wa nafaka, kidhibiti chaji cha sola, inveta ya kinyozi, pampu ya maji ya bustani, spika ya mnadani na chaja ya simu. Vyote hivi vinaharibika kwa njia zinazofanana: umeme unakatika na kurudi kwa nguvu, radi inapiga karibu, betri inafungwa kinyume, mvua inapenya, au sisimizi wanajenga ndani ya boksi.

Banda la kuku lina adui wa ziada. Hewa ya amonia itokayo kwenye kinyesi hula shaba ya bodi, na vumbi la maranda likichanganyika na unyevu hugeuka kuwa njia ya umeme mahali pasipotakiwa. Ukanda wa pwani nao una chumvi ya bahari inayofanya kazi hiyo hiyo.

Mfereji mkuu wa bodi

Bodi ya elektroniki inaweza kulinganishwa na shamba la umwagiliaji. Maji hutoka kwenye chanzo, hupita mfereji mkuu, kisha hugawanywa kwenye vijaruba. Ndani ya bodi, umeme huingia kupitia chaja, transfoma au betri, kisha husambazwa na njia kuu ambazo hulisha kila kifaa.

Mashine ya kutotolesha ya kawaida huwa na njia mbili kama hizo. Moja ni ya volti 12, inayoendesha rilei na feni. Nyingine ni ya volti 5, inayolisha kompyuta ndogo ya bodi, kipima joto na kioo cha namba. Kati ya njia hizo mbili hukaa regyuleta, kifaa kinachoshusha volti 12 kuwa 5. Njia zote hurudi upande mmoja wa hasi, ambao mafundi huuita graundi.

Mfereji mkuu ukibomoka karibu na chanzo, maji yote hukimbilia kwenye ufa na vijaruba hukauka. Kwenye bodi, ufa huo ndio unaoitwa shoti: njia ya chanya imegusana na hasi bila kupitia kazi yoyote. Umeme wote hukimbilia hapo, na tofauti na maji, mahali unapokimbilia huungua.

Kupima ukinzani kabla ya kuwasha ni kama kutembea kando ya mfereji mkavu ukitafuta ufa kabla ya kufungua maji. Ufa ukionekana mfereji ukiwa mkavu, huzibwa kwa koleo moja la udongo.

Hesabu inayoeleza moshi

Kanuni inayotawala jambo hili ilichapishwa mwaka 1827 na Mjerumani Georg Simon Ohm, ambaye jina lake ndilo lililobaki kuwa kipimo cha ukinzani, yaani omu. Kanuni yenyewe ni ya kugawanya tu: volti ukizigawa kwa omu unapata ampea.

Tuseme njia ya volti 12 ina ukinzani wa omu 1,000. Ukigawa 12 kwa 1,000 unapata ampea 0.012, umeme mdogo usiomdhuru mtu wala kifaa. Sasa tuseme kapasita moja imekufa na ukinzani umeshuka hadi omu 0.5. Ukigawa 12 kwa 0.5 unapata ampea 24. Zidisha kwa volti 12, unapata wati 288, nguvu inayozidi ya taa nne za zamani za wati 60, na yote imekusanyika ndani ya kifaa kinachoweza kuwa kidogo kuliko punje ya mahindi.

Chaja ndogo haiwezi kutoa ampea 24. Itazima yenyewe, au itachemka na kufa pamoja na bodi. Lakini betri ya gari au ya sola inaweza kutoa kiasi hicho na kukizidi mara nyingi. Ndiyo maana shoti kwenye mfumo wa betri isiyo na fyuzi huyeyusha nyaya na kuwasha moto, wakati wengi hudhani volti 12 ni umeme wa kuchezea.

Namna ya kupima

Mita inayoonekana zaidi mikononi mwa mafundi wa Afrika Mashariki ni ile ndogo ya namba ya aina ya DT-830, mara nyingi ya rangi ya njano au nyeusi, inayotumia betri ya volti 9. Inatosha kabisa kwa kazi hii.

Hatua ya kwanza ni kuondoa umeme wote. Waya wa ukutani huchomolewa, betri hufunguliwa na waya wa paneli ya sola hutolewa. Kuzima swichi pekee hakutoshi, kwa kuwa mita ya ukinzani ikikutana na umeme hutoa namba za uongo na inaweza kuungua.

Hatua ya pili ni kungoja kapasita kubwa ziishiwe chaji, na hapa pana hatari ya maisha. Vifaa vingi vinavyotumia umeme wa volti 230 bila transfoma kubwa huwa na kapasita ambayo hujaa hadi volti 325 hivi, na inaweza kubaki na chaji hiyo kwa muda baada ya kuchomolewa. Fundi aliyefundishwa huipima kwanza kwa volti, huimaliza chaji kwa kuigusisha miguu ya balbu ya zamani ya volti 230 yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, kisha huipima tena. Kuigusa kwa bisibisi, kama wengine wafanyavyo, hurusha cheche na kuharibu kapasita. Mtu asiye na mafunzo asifungue kabisa upande huu. Abaki kwenye vifaa vya betri ya volti 12 na amwachie fundi umeme wa ukutani.

Hatua ya tatu ni kutenganisha mizigo. Feni, mota, hita na balbu huchomolewa kutoka kwenye bodi, kwa sababu vyenyewe vina ukinzani mdogo na vitamdanganya mpimaji. Balbu ya zamani ya wati 100, kwa mfano, ikiwa ya baridi husoma kama omu 40 tu, ingawa ikiwaka hufikia omu 500 na zaidi.

Hatua ya nne ni kuandaa mita. Waya mweusi uwe kwenye tundu la COM na mwekundu kwenye tundu la volti na omu, si kwenye tundu la ampea 10. Kisha swichi izungushwe hadi omu 200. Ncha zikigusanishwa zenyewe, mita husoma namba ndogo kama 0.3 au 0.5. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita, na hutolewa kwenye kila kipimo kidogo.

Hatua ya tano ndiyo kipimo chenyewe. Ncha nyeusi huwekwa kwenye hasi ya bodi na nyekundu kwenye njia inayopimwa. Mahali rahisi pa kugusa ni miguu ya regyuleta au miguu ya kapasita kubwa iliyo karibu nayo, yenye alama ya hasi ubavuni. Kama mita inaonyesha tarakimu 1 pekee upande wa kushoto, maana yake ukinzani umezidi 200, na swichi husogezwa hadi 2000, kisha 20k.

Baada ya hapo ncha hubadilishwa, nyekundu ikaenda kwenye hasi na nyeusi kwenye njia, na namba ya pili huandikwa. Zikitofautiana si tatizo, kwa kuwa dayodi na transista hupitisha umeme upande mmoja kuliko mwingine. Anayetumia mita ya zamani ya mshale akumbuke kuwa nyingi kati ya hizo, zikiwa kwenye omu, hutoa chanya kwenye waya mweusi.

Kuzisoma namba

Mpimaji asishtuke namba zikianza chini na kupanda polepole. Hizo ni kapasita zinazojaa kutokana na betri ya mita, na ni dalili ya uzima. Kinachohesabiwa ni namba inapotulia.

Kwa bodi za kawaida za volti 12 na volti 5, kama za mashine za vifaranga, mizani na vidhibiti chaji vidogo, mafundi hugawa majibu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni namba iliyotulia karibu na sifuri, kwa mfano chini ya omu 2, pande zote mbili za kupima. Hiyo ni shoti. Bodi hiyo haiwashwi kwa sababu yoyote ile, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Fungu la pili ni makumi ya omu. Hapo pana shaka. Inawezekana kuna mzigo uliosahauliwa au kifaa kinachovuja. Fundi hulinganisha na bodi nzima ya aina hiyo kabla ya kuamua.

Fungu la tatu ni mamia au maelfu ya omu. Kwa kawaida njia hiyo ni salama kuwashwa kwa tahadhari.

Mgawanyo huu hauhusu kila bodi. Bodi za kompyuta zina njia za kulisha prosesa zinazoweza kusoma omu chache tu, au hata chini ya omu moja, na bado zikawa nzima. Fundi anayetumia kipimo cha mizani kwa kompyuta atang'oa vifaa vizima. Jibu la uhakika linapatikana kwa kulinganisha na bodi nzima ya aina hiyo hiyo.

Zaidi ya kupima njia na hasi, kuna vipimo viwili vya nyongeza kwa mashine ya vifaranga. Kwanza, kati ya mguu wa kuingilia na wa kutokea wa regyuleta. Ukinzani ukiwa karibu na sifuri, regyuleta imetoboka, na ikiwashwa itapeleka volti 12 nzima kwenye vifaa vya volti 5. Hapo kompyuta ndogo ya bodi hufa, na bila programu yake haina mbadala dukani.

Pili, miguu ya rilei inayopeleka umeme kwenye hita. Mashine ikiwa imezimwa na hita imechomolewa, miguu hiyo isigusane. Ikisoma sifuri, rilei imegandana kwa cheche, na hita itawaka bila kukoma. Mashine itaonekana imepona kwa kuwa inapata joto, kumbe joto litapita nyuzi 40 na kuua vifaranga wote ndani ya mayai.

Shoti hujificha wapi?

Namba ya mita husema kuna ufa, lakini haisemi uko wapi. Fundi huanza kwa macho na kioo cha kukuza. Hutafuta kapasita iliyovimba juu au iliyovuja, kifaa chenye doa jeusi, tone la lehemu lililounganisha miguu miwili, kipande cha waya, au mdudu aliyekauka kati ya njia.

Kuvimba kwa kapasita si jambo geni. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, kapasita nyingi zenye maji mabovu ya ndani ziliingia kwenye kompyuta na vifaa vingine duniani kote na kuvifanya vife mapema. Mafundi wengi walijifunza hapo kutazama vichwa vya kapasita kabla ya kitu kingine.

Bodi iliyochafuka huoshwa kwa spiriti na brashi laini, ikaachwa ikauke vizuri, kisha ikapimwa tena. Si mara chache shoti ikatoweka kwa kuoshwa tu.

Isipotoweka, fundi huchomoa vifaa vinavyoshukiwa kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja hupima njia upya. Namba inaporuka kutoka 0.5 hadi mamia, aliyetoka ndiye mwenye kosa. Wenye chaja za mezani za kurekebisha volti na ampea hupitisha volti moja tu yenye ampea chache, kisha hupaka spiriti juu ya bodi na kutazama inapokaukia kwanza. Hapo ndipo joto lilipo, na ndipo shoti ilipo.

Inveta na betri

Mfanyabiashara mwenye inveta anapaswa kujua kipimo kimoja. Inveta ikiwa imetengwa kabisa na betri na imengoja kuishiwa chaji, mita huwekwa kwenye alama ya dayodi na kugusishwa kwenye nguzo zake mbili za betri. Ncha nyekundu ikiwa kwenye hasi na nyeusi kwenye chanya, inveta nzima husoma mamia kadhaa baada ya kutulia. Ncha zikigeuzwa, namba hupanda au mita huonyesha 1.

Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, mosfeti zake, yaani transista kubwa zinazobeba mkondo wa betri, zimetoboka. Inveta hiyo isifungwe kwenye betri. Mosfeti hizo huwa zimepangwa kwa makundi yanayogawana mzigo, na moja ikifa nyingine za kundi lake huwa zimeumia. Fundi mwangalifu hubadilisha kundi zima kwa aina moja, na hukagua pia vifaa vinavyoziendesha, la sivyo mpya nazo zitaungua ndani ya sekunde chache.

Fyuzi nayo husema mengi. Ikiwa kioo chake kimekuwa cheusi, ilikatwa na umeme mkubwa wa ghafla, na nyuma yake karibu daima kuna shoti. Kuweka fyuzi mpya bila kupima ni kupoteza fyuzi. Kuweka waya wa shaba mahali pake, kama inavyofanyika vijijini, ni kuondoa mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Hata namba zikiwa nzuri, mafundi makini hawachomeki bodi moja kwa moja. Hutumia balbu ya mfuatano, yaani balbu ya zamani ya waya wa ndani yenye wati 60 au 100, iliyounganishwa ili umeme wa ukutani upite ndani yake kwanza ndipo ufike kwenye bodi.

Balbu ya wati 100 kwenye volti 230 haipitishi hata nusu ampea. Bodi ikiwa na shoti, balbu huwaka kwa nguvu zote na bodi haiungui. Ikiwa nzima na hita imechomolewa, balbu humulika mara moja kapasita zinapojaa, kisha hufifia au kuzima. Balbu za LED na zile za kubana matumizi hazifai kwa kazi hii. Kwa bodi za volti 12, taa ya indiketa ya gari yenye wati 21 hufanya kazi hiyo hiyo.

Kinachofuata ni kupima volti za kila njia: 12 iwe karibu na 12, na 5 iwe karibu na 5. Hapo ndipo feni hurudishwa, kisha hita, na mwisho mayai.

Kipimo hiki kina mipaka

Mita hutumia volti ndogo sana kupima ukinzani. Kuna kapasita zinazoonekana nzima kwa volti hiyo ndogo, lakini zikipewa volti zake halisi zinavuja. Kuna pia ubovu wa njia kukatika badala ya kugusana, ambao hauonekani kama shoti. Kwa hiyo namba nzuri haimaanishi bodi imepona, bali inaweza kuwashwa bila kuongeza hasara.

Namba mbaya, kwa upande wake, haina mjadala. Mpimaji akipata sifuri pande zote mbili na mizigo imechomolewa, kuiwasha bodi hiyo "kwa majaribio" ni kuchoma mali ya mtu.

Mteja aulize nini?

Mfugaji au mwenye duka anayepeleka kifaa kwa fundi anaweza kuuliza maswali matatu bila kumdharau. La kwanza, njia kuu ya umeme imesoma omu ngapi kabla ya kuwasha? La pili, fyuzi iliyowekwa ni ya ampea ngapi, na ndiyo ile iliyoandikwa kwenye bodi? La tatu, kifaa kilichotolewa kiko wapi? Fundi anayefanya kazi yake sawasawa hana shida kujibu, na wengi hufurahi kuona mteja anajali.

Kwa fundi mwenyewe, kipimo hiki ni biashara. Bodi inayoungua mezani humlazimisha kulipa au kugombana na mteja, na yote mawili humpunguzia wateja. Kijana anayetaka kuingia kwenye kazi hii anaweza kuanzia kwenye vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambako elektroniki ni miongoni mwa fani zinazofundishwa.

Lakini namba yenye thamani kuliko zote ni ile iliyopimwa kifaa kikiwa kizima. Mwenye mashine anaweza kumwomba fundi, kabla ya kuweka mayai ya awamu nyingine, apime kila njia na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko: volti 12, omu kadhaa, volti 5, omu kadhaa, pamoja na tarehe. Siku mashine ikizima usiku na mayai yakiwa ndani, fundi yeyote atakayeitwa hatahitaji kubahatisha. Atapima, atalinganisha na karatasi, na ndani ya dakika tano atajua kama aiwashe au aanze kutafuta ufa.